Vitabu vya Nyumba Mbili

Mpaka leo nikiona kofia ya mtoto iliyofumwa kwa mkono, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kasoro. Naipindua nione upande wa ndani, pale nyuzi zinapofichwa. Navuta ukingo nione kama utalegea. Nikikosa kasoro, nakasirika kidogo. Mtu mzima mwenye mvi, mwalimu mstaafu, anakasirikia kofia ya mtoto mchanga. Pengine nilizaliwa hivyo, lakini yalianza kuonekana mwaka ule baba alipoleta sanduku la vitabu nyumbani.

Baba alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja aliyekuwa afisa wa kilimo mjini Kisii. Miaka michache baada ya uhuru, Mzungu huyo alifunga virago akarudi kwao, na kila aliyemtumikia akaachiwa kitu. Mpishi alipata baiskeli. Dobi alipata redio. Baba, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alipata sanduku la vitabu. Lilipanda juu ya paa la basi hadi lami ilipokwisha, kisha likapanda begani mwake hadi kwetu, kwenye mlima ulio juu ya soko la Kenyenya. Mama yangu alipoona ndani hakuna shuka wala sufuria, aliingia jikoni akafunga mlango.

Boma letu lilikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa ilikuwa ya mke wa kwanza wa baba, niliyemwita mama mkubwa. Nyumba ndogo ilikuwa ya mama yangu. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la wimbi, migomba yake na ng'ombe wake, na kilicho cha nyumba moja hakikuvuka kwenda nyumba nyingine. Hata ndoo ya maji ilijua kwao. Wivu wa wake wenza una jina lake kabisa katika Kigusii, engareka, na watu hulitaja kama wanavyotaja malaria: fulani ana engareka. Mama yangu alikuwa nayo. Nadhani niliinyonya pamoja na maziwa.

Nyumba kubwa ilikuwa na binti wa rika langu. Tulizaliwa mwezi mmoja, yeye akinitangulia kwa siku chache, na siku hizo chache sikuwahi kumsamehe. Tuliingia darasa la kwanza siku moja, tukabatizwa katika kijito kimoja Sabato moja, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa na meno meupe yaliyojipanga vizuri na kicheko kilichowafanya watu wazima wacheke bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa na Kiingereza. Darasani hakuna aliyenishinda kwa Kiingereza, na nilidhani hilo lingetosha.

Jumapili ya kwanza baada ya sanduku kufika, baba alitandika mkeka uani, kando ya pareto iliyoanikwa, akapanga vitabu juu yake. Kulikuwa na kitabu kikubwa cha kazi za mikono chenye picha tele: kufuma sufu, kusuka vikapu, kuchonga vijiko. Kulikuwa na kingine kinene kuliko hicho, cha utafiti wa biashara, kisicho na picha hata moja. Kulikuwa na fungu la magazeti ya katuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Na kulikuwa na kitabu cha sayansi chenye jalada la kitambaa cha buluu. Baba aliwaita wake zake wote wawili waketi, kila mmoja mbele ya nyumba yake, akasema atagawa vitabu kama anavyogawa kila kitu.

Nyumba kubwa huchagua kwanza. Mama mkubwa alifunua hiki, akafunua kile, akaona picha ya mtoto mnono aliyevaa kofia ya sufu, akatabasamu, akachukua kitabu cha kazi za mikono. Nilimwona mama yangu midomo ikimcheza. Alikuwa anakitaka hicho hicho. Kwa hasira akanyanyua kimoja kimoja akivipima kwa mkono kama mtu anayenunua kabichi, akachukua kizito kuliko vyote. Ndivyo utafiti wa biashara ulivyoingia nyumba ndogo. Mama alikiweka juu ya kabati na kukifunika kwa kitambaa, na mgeni akija alihakikisha amekiona.

Magazeti ya katuni baba aliyagawa kama nyama, moja huku, moja kule, mpaka yakaisha. Hakujua kwamba hadithi ilianza katika gazeti moja na kumalizika katika lingine. Basi nyumba kubwa ikapata mianzo yote, nyumba ndogo ikapata miisho yote.

Kikabaki kitabu cha sayansi. Kitu kisichogawika hukaa kwa mwenye boma. Kabla hajakifungia katika sanduku lake, baba alikifunua katikati, na nikaona picha ya jicho la mtu lililokatwa pande mbili kama parachichi, kila sehemu imepigiwa mstari na kuandikwa jina lake. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani ukurasa ule. Nilitaka kujua ninaonaje. Nilitaka nijue mimi, na yeye asijue.

Baba akafunika kitabu, akatuangalia sisi wawili. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia na tumefaulu sote, na shule moja ya bweni ilikuwa imetuwekea nafasi sote hadi Januari.

"Nguvu yangu ni ya mtoto mmoja," alisema. "Mmoja atakwenda Januari. Mwingine atangoja. Kitabu hiki kitafuatana na atakayekwenda."

Hakuna aliyeuliza kungoja maana yake nini. Msichana wa umri wetu aliyekaa nyumbani akingoja alingoja ng'ombe wa mahari wapandishwe mlima na watu wasiomjua.

Ilikuwa Septemba. Nilikuwa na miezi minne ya kumshinda.

Nilianza na katuni, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Mama mkubwa alimpa binti yake gazeti moja kila Jumapili, na alasiri ndugu yangu huyo alikuja kwenye ua wa miti uliotenganisha nyumba zetu kunisimulia mwanzo. Kulikuwa na hadithi ya mpelelezi mwenye mbwa wa miguu mitatu. Alinisimulia yote bila kubakiza, akimwigiza mbwa anavyochechemea, mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaningoja mimi nimpe mwisho. Mwisho ulikuwa kwangu, nimeshausoma: mbwa anamkamata mwizi na kupewa mfupa. Nikamwambia mbwa ameanguka gengeni akafa.

Alilia. Alimlilia mbwa wa kuchorwa, pale pale kwenye ua, na mimi nikasikia raha inanipanda kifuani kama chai ya moto asubuhi ya baridi.

Jumapili iliyofuata mama yake alimpa gazeti jingine, na nani anaonekana ukurasa wa kwanza, anachechemea, kama si yule mbwa! Nilijiandaa kwa ugomvi. Alikuja uani akiwa na gazeti kifuani, anacheka.

"Amefufuka," alisema. "Yule mbwa wetu amefufuka."

Hakuniuliza kitu. Alinisimulia mwanzo mpya kama kawaida, kisha akaningoja. Ningependelea anitukane.

Yapata Oktoba alikuja na kitabu cha kazi za mikono. Maelekezo ya kufuma kofia yalikuwa ya herufi mojamoja na tarakimu, Kiingereza kilichokatwakatwa, na hakuweza kupata kichwa wala mkia. Kitabu hakikuruhusiwa kuvuka, kwa hiyo alikishika upande wake na mimi nikakisoma kutoka upande wangu. Alasiri tatu nilimsomea na kumfafanulia: hapa unapitisha uzi mbele, hapa unapunguza kitanzi kimoja, hapa unarudi. Kwa nini nilimsaidia? Kwa majivuno tu. Nilipenda kuona uso wake unaponitazama huku hajui. Sikufikiria kwamba akishajua, atajua.

Alikwenda kwa fundi wa baiskeli akaomba spoki nne zilizopinda, akazinyoosha kwa jiwe, akazisugua ncha. Alifumua sweta kuukuu ya Mzungu ambayo baba alikuwa akiivaa shambani. Kofia ya kwanza ilitoka imepinda kama kiatu kilicholowa, nikafurahi siku nzima. Ya pili ilikaa sawa. Ya tatu akampelekea baba.

Hapo ndipo wivu uliponikaba hasa. Kila jioni jua likiwa bado juu, kila nyumba ilimpelekea baba chakula chake katika kibanda alichopokelea wageni, na yeye alikula kidogo cha huku na kidogo cha kule ili asiudhi mtu. Nilimwekea ugali wa wimbi na chinsaga, mboga anayoipenda kuliko nyama, iliyolala kwenye maziwa siku mbili kama anavyotaka. Alikula huku amevaa kofia ya yule. Ilimfunika masikio. Alikuwa na uso wa mtu aliyebembelezwa. Nyuma yake niliona sanduku, na ndani ya sanduku nilijua lipo jicho, na nikaona waziwazi jicho hilo linafungasha kwenda shule na mtu mwingine.

Novemba ilipoingia, akina mama walikuwa wakimzunguka ndugu yangu siku ya soko kama nyuki. Kwetu huko juu asubuhi ina baridi ya kuuma, na kila mtoto ana kichwa. Alikaa chini kwenye gunia, anafuma, anacheka, na mimi nilikaa hatua chache kutoka kwake na ndizi za mama ambazo hakuna aliyezizungukia.

Ndipo nilipokumbuka kwamba hata sisi tulipewa kitabu. Niliondoa kitambaa juu ya kabati, nikakifungua kile kizito. Kilikuwa kigumu, na nusu yake sikuielewa, lakini nilichokielewa kilisema jambo moja kwa namna nyingi: kabla hujauza, muulize anayenunua. Kulikuwa na mfano wa maswali. Nyumba yako ina watu wangapi, watoto wangapi. Bidhaa hii unainunua kwa nani. Kwa nini unanunua kwake. Ni kitu gani hukipendi. Niliyanakili katika daftari kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyofundishwa kuandikia mambo ya watu wengi. Nilijiambia kwamba baba akiona daftari hili atajua ni nani mwenye akili ya shule. Hiyo ilikuwa kweli, lakini si yote. Nilichokitaka ni lile swali la mwisho. Nilitaka wanawake wa Kenyenya waniambie kwa midomo yao kofia za ndugu yangu zina ubaya gani, na mimi niandike.

Nilizungumza na wanawake kumi na mmoja. Kumi walikuwa wa kwetu, niliwauliza kwa Kigusii nikaandika kwa Kiswahili. Wa kumi na moja alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwa, aliyeleta samaki wakavu kila soko, naye alinijibu kwa Kiswahili chake, nikaandika maneno yake kama yalivyotoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali la kwanza. Kwetu watoto hawahesabiwi; anayewahesabu husemwa kwamba anawaroga. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi atakwambia wapo, Mungu amejalia, na atakutazama mikono yako. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo, kila mtu analijua. Lakini kitabu kiliweka swali hilo juu kabisa, na mimi nilikiamini kitabu kuliko bibi zangu. Waliokuwa wakinijua walikunja uso. Waliodhani nimetumwa na zahanati walinijibu, nami nikaandika: wanne, saba, watano.

Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba nitasikia ninachokitaka. Mama mmoja alisema, "Anapima kichwa cha mtoto kwa viganja vyake, taratibu, utadhani anamwombea." Mwingine alisema kofia zake hazichuji hata ukizifua mtoni. Mwingine alisema mtoto wake alikufa kabla kofia haijakamilika, na yule binti aliimalizia hata hivyo, akampelekea nyumbani, akakaa naye mpaka jioni. Niliandika. Mkono ulikuwa unaandika na roho inaniuma. Kwenye swali la mwisho, karibu kila mmoja alisema hakuna ubaya. Ni mmoja tu aliyesema anachelewesha kazi kwa sababu ya maneno mengi, na hilo nililipigia mistari miwili. Mama wa samaki alipomaliza kujibu, nilifunga daftari nikapanda mlima bila kumsalimia mtu.

Juma lililofuata mtoto mdogo wa mmoja wa wanawake wale alishikwa na homa. Jumapili alasiri mama yake alikuja kwetu na shemeji yake. Walikataa kuketi. Mwanamke alisema mbele ya boma lote kwamba binti wa nyumba ndogo amehesabu watoto wa watu sokoni na kuwatia katika daftari, na kwamba wanataka kujua amewaandikia nini.

Msomaji wa leo anaweza kucheka. Pale uani hakuna aliyecheka. Kwetu mwanamke aliyesemwa hivyo hupoteza majirani, na binti aliyesemwa hivyo hupoteza kila kitu. Mama yangu alishika nguzo ya mlango. Baba alinituma nilete daftari, nikalileta, akalishika kama mtu aliyeshika kaa la moto, akalifungua juu chini. Hakuna mtu mzima pale aliyejua kusoma. Tuliojua tulikuwa wawili.

Baba aliliona hilo. Akamwita binti wa nyumba kubwa asimame ubavuni mwangu.

"Wawili watasoma," alisema. "Huyu kwa mdomo, huyu kwa macho. Kwanza niambieni, humo kuna watoto wa watu?"

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yetu. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wangu mzuri uliosifiwa shuleni: watoto wanne. Nilihisi bega lake linagusa langu. Alisoma. Najua alisoma, kwa sababu pumzi yake ilisimama. 

"Hamna watoto humu, tata," alisema. Tata ndivyo tunavyomwita baba. "Ni habari za kofia zangu tu."

Yule mwanamke alimtazama sana. Kila mtu alijua binti huyu si mwongo, na kila mtu alijua hana sababu ya kuipendelea nyumba yetu. Shemeji mtu akashusha pumzi. Mama yangu akaachilia nguzo.

Hapo ningepaswa kuishia. Ningefunga daftari, niseme asante tata, niende jikoni nilie. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi maishani na kila mara jibu ni hilo hilo: nilikuwa nimeshaokolewa. Lakini baba, ambaye sasa alikuwa na shauku, aliuliza, "Habari gani za kofia?"

Nikasoma. Nilitazama pale palipoandikwa anapima kichwa kwa viganja, taratibu, na nikasoma kwa sauti safi: zinabana, mtoto wangu analia. Nilitazama palipoandikwa hazichuji, nikasoma: zinachuja, zimeharibu nguo nyingine. Sikusita hata mara moja. Uongo ulinitoka umepangika, sentensi kwa sentensi, kama ule mwisho wa mbwa. Yule mwanamke mwenye mtoto mgonjwa alikuwa mmoja wa wale waliomsifu, nikamruka, nikasoma wengine. Baba alivua kofia yake, akaitazama ndani.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" alimwuliza yule aliyekuwa akisoma kwa macho.

 Macho yake yalikuwa bado kwenye ukurasa, kwenye mistari miwili ya juu. Nilimwona akisoma alivyosifiwa, akisikia anavyosemwa. Akisema hapana, ataulizwa ni kitu gani kingine kilichosomwa vibaya, na daftari litapelekwa kwa mtu mwingine anayejua kusoma, na watoto wanne watapatikana. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa ajili yangu, na mimi nikamkaza kamba.

"Ndivyo ilivyoandikwa, tata," alisema.

Nikafunua ukurasa haraka kabla hajaendelea kusoma.

Wageni waliondoka. Homa ya mtoto ilikwisha baada ya siku chache. Baba hakuivaa tena ile kofia, na mama mkubwa aliacha kuniita kwa jina langu. Krismasi ilipopita baba alituita sote. Alisema mtoto anayeweza kwenda sokoni na kurudi na ukweli wa watu ndani ya daftari, hata ukweli unaomuudhi baba yake, huyo ndiye wa shule. Alitoa kitabu cha sayansi sandukuni, amekifunga kwa leso mpya, akakiweka mikononi mwangu.

Ndugu yangu alinisindikiza hadi barabarani, amebeba sanduku langu kichwani. Basi lilipotokea alisema, "Utanieleza jicho linaonaje." Sikumweleza. Likizo ya kwanza nilipata visingizio, na likizo ya pili alikuwa ameshaolewa upande wa Masimba.

Nilikisoma kitabu kile mpaka jalada likaachia. Kilinipeleka mbali. Kilinifanya mwalimu wa sayansi, katika miaka ambayo wanawake wenye kazi hiyo walikuwa wa kutafutwa. Miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha shule moja upande wa Nyamira, mahali penye chai kila upande na ukungu mpaka saa nne. Niliwasili Jumapili. Jumatatu asubuhi wanafunzi walipanga mistari gwaride, na wote, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, walikuwa wamevaa sweta za kijani zenye ukingo ambao ningeutambua hata gizani.

Nilimwuliza mwalimu mkuu ni nani anayefuma sweta hizi. Akanitajia mama mmoja wa Masimba, mwenye mashine tatu na wasichana wa kuzifanyia kazi. "Huyo ukimpa kazi unalala," alisema. "Unamfahamu?"

"Kidogo," nilisema.

Miaka mitano nilifundisha macho ya ng'ombe, moyo wa chura na mwendo wa sayari mbele ya mikono ya ndugu yangu. Kila nilipogeuka kutoka ubaoni, alikuwa amejaa darasani. Nilikuwa na cheti ukutani na mshahara kila mwisho wa mwezi, na nilikuwa nikiangalia viwiko vya wanafunzi kuona kama vimetoboka. Havikutoboka.

Alikuwa akileta sweta mwenyewe mwanzo wa mwaka. Mara nyingi nilihakikisha niko maabara. Mwaka mmoja mvua ilimkamata, gari lililomleta likakwama kwenye matope, na mwalimu mkuu, akifikiri ananifurahisha, akamleta nyumbani kwangu anywe chai. Alikuwa amenenepa, na amebeba mfuko wa sufu. Kicheko kilikuwa kile kile. Aliketi, akaona kitabu cha buluu kwenye rafu, akakiangalia kwa muda bila kukigusa. Akatoa sindano zake na kuanza kufuma kitu kidogo, kama mtu asiyejua kukaa na mikono mitupu.

Tulizungumza habari za baba, ambaye alikuwa amezeeka, na za mama zetu, ambao uzeeni walikuwa wakioteana moto jiko moja kama vile hawakuwahi kugombana. Kisha, bila kunyanyua macho, alisema, "Siku ile nilisoma mistari miwili tu. Ukafunua. Nimetaka kukuuliza miaka yote hii. Wale wengine walisema nini?"

Ningeweza kumwambia nimesahau. Lakini nilikuwa nayajua yote kwa moyo, nimeyabeba kama mtu anavyobeba kijiwe ndani ya kiatu. Nilimwambia. Viganja, mtoni, yule mama aliyefiwa. Nilimpa moja baada ya jingine, mpaka hilo la maneno mengi, akacheka hadi machozi yakamtoka. Sindano zilikuwa zimesimama. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupokea kitu kwa furaha namna ile, kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Na mimi, badala ya kutua mzigo, niliona kijicho kinanirudia, kwa sababu wanawake kumi walikuwa wamemsifu na mimi hakuna aliyeulizwa juu yangu.

"Hao ni kumi," alisema. Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Na yule mama wa samaki? Nilikuona ukimwandika."

Yule mama wa samaki alikuwa ameweka kikapu chini, akaniambia hivi, na niliandika kama alivyosema: "Mimi nanunua kwa huyu msichana sababu hana maringo. Nikimwambia hii kofia ni mzuri sana, yeye anasema si mimi mama, ni dada yangu. Dada yangu ndiye alinisomea kitabu. Anasema hivyo kila saa, mpaka mimi nataka kuona hiyo dada."

Mvua ilikuwa inapungua. Nilimwongezea chai.

"Yule hakusema kitu," nilimwambia.

Alinitazama, kwa utulivu, kama alivyoutazama ukurasa ule.

"Haya," alisema. "Basi ndivyo ilivyoandikwa." Akaokota sindano zake, akaendelea kufuma.